Raba nene mbona zinanichosha kuliko za zamani?

Swali: Kocha, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Arusha, nina miaka 34 na kilo 78. Nilianza jogingi mwaka jana, sasa najiandaa kwa zile kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Nina raba pea tatu. Za kwanza ni Nike Pegasus za mtumba nilizoanza nazo. Za pili ni mpya, kaniletea kaka kutoka Dubai, soli yake nene kama mkate. Za tatu ni nyembamba, nyepesi, za mashindano za zamani, nazo ni mtumba. Zile nene nikizivaa ndani ni kama nakanyaga godoro, na kilomita tatu za kwanza ni raha tupu, lakini nikifika ya sita mashavu ya miguu yamekaza na vifundo vinacheza. Pegasus ni ngumu kidogo ila narudi nyumbani mzima. Zile nyembamba, kila kokoto naijua kwa jina. Mwenzangu kwenye kikundi ana zile zenye bamba la kaboni ndani ya soli. Nilizijaribu mzunguko mmoja wa uwanja, nikaona kama nasukumwa kwa nyuma. Tatizo ni raba au ni miguu yangu? Na Moshi nivae zipi?

Jibu: Marahaba, mwalimu.

Kilichonifurahisha kwenye barua yako ni kwamba umetaja kilomita. Watu wengi huniambia raba fulani ni laini, fulani ni ngumu, basi, hadithi imeishia hapo. Wewe umesema tatu za kwanza raha, ya sita mashavu yamekaza. Umenirahisishia kazi, maana raba ina tabia mbili: ile inayokuonyesha ukiwa hujachoka, na ile inayotoka ukishachoka. Muuzaji anakuuzia ya kwanza. Moshi utakutana na ya pili.

Tuanze na hilo godoro.

Ukisimama sebuleni, kila mguu unaibana sponji kwa nusu ya uzito wako, kilo 39 tu. Ukikimbia mambo ni mengine kabisa. Unatua na mguu mmoja, na nguvu inayopita kwenye soli hufika kama mara mbili na nusu ya uzito wako. Soli inabanwa kana kwamba imebebeshwa kilo 190 na ushee, kwa muda unaokaribia robo sekunde, kisha inaachiwa. Ukienda dakika 6 na nusu kwa kilomita, kwa hatua kama 165 kila dakika, nusu marathoni ni hatua zaidi ya 22,000, yaani kila mguu unatua mara 11,000 na kitu. Sponji iliyokuchekea chini ya kilo 39 bado haijakuambia lolote kuhusu kilo 190. Kuna ambazo zikibanwa hivyo huzama mpaka mwisho ukaanza kusikia unagonga sakafu. Mtu wa kilo 55 hatajua, wewe utajua. Na kuna ambazo ukizivaa ni ubao mtupu, ukianza kukimbia ndipo zinafunguka. Hizo za mwisho huwa zinarudishwa kwenye rafu kabla mtu hajazikimbilia hata hatua kumi, na mara nyingi ndizo zilizomfaa.

Halafu kuna mguu wenyewe. Mtazame mtoto mdogo akitembea juu ya kitanda. Magoti anayanyoosha, miguu anaikakamaza, kwa sababu godoro linamzamisha na mwili hautaki kuzama. Mkimbiaji naye ni vilevile. Mguu ni springi: goti linakunja, kifundo kinakunja, kano ya kisigino inavutika na kujirudi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwakimbiza watu juu ya njia ngumu na laini, wakaona mguu unajikaza au kujilegeza kufuata kilichoko chini, na unafanya hivyo hatua ya kwanza tu ya kuingia sehemu mpya. Hakuna anayeuamuru. Soli ikilainika, mguu unakakamaa; soli ikiwa ngumu, goti linakunja zaidi kidogo.

Ndiyo maana ulaini wa soli si lazima uwe ulaini kwa mifupa. Mwaka 2018 watafiti wa Finland waliwakimbiza watu ndani ya raba ya kawaida na ndani ya raba nene sana. Kishindo cha kutua kilikuwa kikubwa zaidi ndani ya ile nene, na tofauti ilionekana hasa mwendo ulipopanda hadi kilomita 14.5 kwa saa. Miguu ilikuwa imekakamaa kama ya yule mtoto kitandani.

Sikwambii haya ili uzitupe raba za kaka yako. Wewe huendi kilomita 14.5 kwa saa, unaenda 9 na kidogo. Nataka tu uelewe kwamba ile raha ya kilomita tatu ni sponji inayokubembeleza wakati miguu bado ina nguvu ya kukakamaa kwa niaba yako. Nguvu hiyo ikipungua, unaanza kulipa.

Na mashavu ya miguu yana sababu nyingine, ambayo kwangu ndiyo kubwa. Chukua raba, pima unene wa soli kisiginoni, toa unene wa pale chini ya vidole. Tofauti hiyo tunaiita mteremko wa kiatu. Pegasus, ambayo ipo sokoni tangu 1983, kwa miaka mingi imekuwa na mteremko wa milimita 10. Raba nene nyingi za siku hizi zina milimita 4 hadi 6. Kwa macho huoni, kwa sababu pembeni soli imeinuliwa kama bakuli na mguu umekaa ndani yake, halafu kisigino kinaonekana kirefu kweli. Lakini ukihama kutoka 10 kwenda 5, kisigino chako kimeteremshwa nusu sentimita bila wewe kuambiwa. Kano ya kisigino na shavu la mguu vinavutika zaidi kila unapotua, na ukifika kilomita ya sita kila mguu umeshavutwa hivyo mara 3,200 hivi. Mashavu yakaze, yasikaze?

Kwa kanuni ya jumla, mteremko mkubwa unapeleka kazi gotini, mteremko mdogo unaipeleka kwenye shavu na kano. Hakuna ulio bora. Mtu mwenye goti bovu nitampa mteremko mdogo, mwenye kano inayouma asubuhi akishuka kitandani nitampa mkubwa. Wewe magoti hujayataja kabisa, na umeshazoea milimita 10. Mwili wako una mazoea yake, uyaheshimu.

Vifundo kucheza ni suala la urefu na upana. Ukipanda juu ya tofali mbili za sponji, kisha barabara ikawa imelala upande mmoja kama zile za moramu za Njiro, misuli midogo ya pembeni mwa mguu inafanya kazi ya ulinzi usiku kucha. Kwenye lami iliyonyooka huisikii. Kwenye moramu yenye mashimo, au pembeni mwa lami pale unapomkwepa bodaboda, unaisikia sana. Zigeuze raba zako utazame soli: kama pale katikati, chini ya uvungu wa mguu, imebanwa kama kiuno cha nyigu, hizo ni za lami tu. Kama ni pana moja kwa moja kutoka kisigino hadi mbele, vumilia kidogo, zitakuzoea.

Kabla hujazirudisha chini ya kitanda, ziweke mezani, ubonyeze ncha ya mbele kwa kidole. Kisigino kinainuka, sivyo? Soli imepindwa kama tumbo la mtumbwi ili mguu ubiringike badala ya vidole kukunja. Ukienda kwa mwendo mzuri unabiringika na kuona raha. Ukienda polepole sana, au umechoka na hatua zimeburuta, unakaa pale nyuma kwenye bapa, mtumbwi haubiringiki, na unakuwa umebeba soli nene bila faida yake. Ndiyo maana mtu mmoja ataziita raba hizo za ajabu na mwingine aziite magogo, na wote wawili wanasema kweli.

Raba nene zilipotoka, watu walizicheka. Hoka ilianzishwa mwaka 2009 na Wafaransa wawili, Nicolas Mermoud na Jean-Luc Diard, na hamu yao ilikuwa kiatu cha kushukia milima kwa kasi. Kushuka! Shika neno hilo, tutalirudia tukifika Mweka, kule njia yako ya Moshi inakopanda. Baadaye unene ukawa mbio za silaha, mpaka mwaka 2020 shirikisho la riadha duniani likaweka mpaka: soli ya mbio za barabarani isizidi milimita 40, na bamba gumu ndani yake liwe moja tu. Mwaka uliofuata, Septemba 2021, Muethiopia Derara Hurisa alivuka utepe wa kwanza kwenye marathoni ya Vienna, akaambiwa raba zake zina milimita 50. Ushindi ukaenda kwa Mkenya Leonard Langat. Sentimita moja ya sponji. Wewe hutapimwa, usiogope.

Sasa hizo za kaboni, maana najua ndizo zinazokuwasha.

Kwanza sauti. Umezisikia zikipita kwenye lami? Raba ya kawaida inasema pa, pa, pa. Ile ya kaboni inatoa mlio wa mtungi mtupu, klop, klop. Ni sponji nyepesi iliyojaa hewa, na katikati yake bamba jembamba gumu lisilokunja. Ukitua inazama sana, ukiondoka inajirudi haraka, na kwa sababu bamba halikunji unabiringishwa mbele utake usitake. Huko ndiko kusukumwa ulikokusikia.

Watu husifia kaboni, lakini mwenye kazi kubwa ni sponji. Kuna familia tatu za sponji utakazokutana nazo. EVA ndiyo ya miaka yote, imo kwenye raba nyingi za bei ya kawaida. TPU ni ile ya vipunje vilivyogandana kama wali, ambayo Adidas waliiita Boost walipoileta mwaka 2013. Ina uzito, ila inachelewa sana kufa. Ya tatu ni PEBA, nyepesi kama ndoto na ghali kama ndoto. Maabara ya Chuo Kikuu cha Colorado ilipoipima raba ya Nike yenye PEBA na bamba la kaboni, soli ilirudisha asilimia 87 ya nguvu iliyowekwa ndani yake, ya Boost ilirudisha karibu 76, na ile ya mashindano ya aina ya zamani 65.5. Wakimbiaji 18 waliopimwa walitumia nguvu pungufu kwa asilimia 4 kwa wastani. Baadaye watafiti walichukua raba hizo wakalikata bamba la kaboni kwa msumeno, wakawakimbiza watu tena. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Kwa hiyo mwenzako akisema kaboni inamsukuma, mwambie amshukuru sponji.

Oktoba 2019 ndipo dunia nzima ilipotazama miguuni. Tarehe 12 Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna, akiwa na wakimbiaji wa kumshikia mwendo na barabara iliyoandaliwa kwa ajili yake, tarehe 13 Brigid Kosgei akamaliza Chicago kwa 2:14:04, rekodi ya dunia ya wanawake wakati huo. Wote wawili walivaa raba za ukoo huo. Tangu hapo kila kikundi cha jogingi kina mtu wa kaboni.

Lakini asilimia 4 ile ilipimwa kwa watu wenye kasi. Utafiti wa mwaka 2023 uliwapima watu kwa mwendo wa kawaida: kwa kilomita 12 kwa saa faida ilishuka hadi asilimia 1.4 kwa wastani, na kwa kilomita 10 kwa saa ikawa 0.9, tena wengine hawakupata kitu na wengine walipoteza. Wewe uko chini ya 10. Tuseme unaipata yote hiyo 0.9, na tuseme yote inageuka kuwa muda, jambo ambalo haliendi sawasawa hivyo: kwa saa 2 na dakika 17 unaokoa sekunde 70 na kitu. Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya dunia Tokyo, Septemba 2025, alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Kwa mtu wa namna hiyo kila chembe ni mali. Kwako sekunde 70 utazipoteza kwenye meza moja ya maji ukisalimiana na wazazi wa wanafunzi wako.

Zaidi ya hapo, raba hizo zinahamisha mzigo kwenda sehemu ambazo hujazizoesha. Madaktari wa michezo wameripoti wakimbiaji waliopata nyufa za mfupa wa juu ya uvungu wa mguu wakizitumia, wakashauri mtu aziingie polepole. Na kona! Sponji ile ndefu na laini haipendi kona. Tena angalia usije ukauziwa kopi. Kwa nje zinafanana, rangi ileile ya kung'aa, lakini ndani ni EVA ngumu na kipande cha plastiki. Unapata ugumu wote wa bamba bila sponji ya kukurudishia, na hicho ndicho kiatu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kuvaa.

Zile nyembamba zako nisizisahau. Kwa uzito, zina faida: kila gramu 100 unazoongeza kwenye kila mguu zinagharimu nguvu kama asilimia moja. Zikiwa nyepesi kuliko zile nene kwa gramu 60 au 70, faida ipo, ni ndogo, na ukifika kilomita ya kumi nyayo zitakuwa zimeshaidai yote. Lakini zina kitu ambacho nyingine hazina: zinakuambia ukweli. Ukitua vibaya unajua hapohapo. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 peku, kwa 2:15:16, na miaka minne baadaye akashinda Tokyo akiwa na viatu, kwa 2:12:11. Watu hupenda kutaja Roma tu. Mimi hutaja zote mbili. Hata wazee wetu waliokimbia na katambuga za tairi hawakuzichagua kwa sababu ni bora, walivaa kilichokuwepo.

Zitumie hivi: mara moja kwa wiki, ukimaliza mazoezi mepesi, nenda kwenye majani, hata kiwanja cha mpira cha shule yako kinafaa, ukimbie mita 80 au 100 kwa mwendo wa kuchangamka, mara nne hadi sita, ukirudi kwa kutembea. Basi. Zinaamsha miguu. Kwenye lami ndefu zikae nyumbani.

Kuna jambo la Arusha ambalo wenzetu wa Dar hawalijui. Sponji ya EVA hukaza kwenye baridi. Raba uliyoikimbilia Februari saa kumi jioni, ukiivaa Julai saa kumi na mbili asubuhi huku pumzi inatoa moshi, itakuwa ngumu kama imebadilishwa usiku. Haijafa, haijapata joto. Nami nimewahi kutupa raba nzima kwa kosa hilo. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha raba mbili, zilinganishe saa ileile, njia ileile, wiki ileile.

Sasa Pegasus zako. Umesema ni ngumu kidogo, unarudi mzima. Mwalimu, hilo ndilo jibu, ila umeliandika kama lawama. Kilichobaki ni kujua kama bado zina uhai, maana za mtumba huja na kilomita za mtu mwingine. Raba ya kawaida hudumu kati ya kilomita 500 na 800, na wewe hujui alizitumia ngapi.

Zipeleke dirishani kwenye mwanga. Tazama ubavu wa sponji, pale juu kidogo ya raba nyeusi ya chini. Mikunjo midogo ya mlalo ni kawaida. Ikiwa imekuwa mingi na ya kudumu kama ya shingo ya mzee, na inabaki hivyo hata baada ya kiatu kukaa siku mbili bila kuvaliwa, sponji imekufa. Bonyeza kwa dole gumba chini ya kisigino kwa ndani: sponji hai inasukuma dole lirudi, iliyokufa inabaki na alama au haikubali kabisa. Weka zote mbili mezani, uzitazame kwa nyuma macho yakiwa usawa wa meza. Zikiwa zimelala upande mmoja, mwenye nazo alizilaza, na wewe utalala naye. Kisha fungua ulimi usome kibandiko cha ndani. Kampuni nyingi huchapa hapo tarehe ya kutengenezwa. Raba iliyokaa kontena na ghalani miaka minane inaweza kuwa haijavaliwa hata siku moja lakini gundi imeshakata tamaa.

Hilo la gundi nalisema kwa uchungu. Niliwahi kununua pea safi kabisa, soli haijalika hata nukta, nikaingia nazo mashindanoni. Kilomita ya 15 soli ya kulia ikaachia mbele, ikawa inapiga kama kandambili. Nilimaliza nikiinua mguu kama jogoo kwenye tope, na watoto wa kijiji kile sidhani kama wamesahau. Tangu siku hiyo, mtumba nikiununua naukunja mbele na nyuma mara ishirini mbele ya muuzaji, halafu namwachia fundi viatu aupige uzi ukingoni kama inawezekana. Wauzaji wa Memorial pale Moshi wameshanizoea, wananiita mkaguzi.

Pegasus zako zikifaulu, ndizo za Moshi. Zikifeli, tafuta nyingine za namna hiyohiyo: mteremko wa 8 hadi 10, sponji ya wastani, soli pana. Haijalishi ni za kampuni gani. Usitafute laini zaidi, tafuta zitakazokufanya usizifikirie.

Zile nene uzipangie kazi. Mara mbili kwa wiki, siku za mwendo mwepesi, kwenye lami tambarare, usizidi kilomita 4 kwa wiki mbili za mwanzo. Hapo ni kabla mashavu hayajaanza kulalamika, unaona. Kisha ongeza kilomita moja kila wiki. Jioni simama kwenye ngazi, visigino vikining'inia nje, uviteremshe taratibu, mara 15 kila mguu. Miezi miwili ikipita, ziandikie tena alama zake, huenda ukazipenda. Sababu ya kukuambia usizitupe ni Mweka.

Njia ya Moshi unapanda kuelekea Mweka, kisha unageuka na kushuka. Kupanda, raba hazikusaidii sana. Unatua kwa mbele, polepole, kila kiatu kinafanana na mwenzake isipokuwa kwa uzito. Kushuka ndiko kunakoumiza mapaja, na hapo unene wa soli una maana yake, wale Wafaransa hawakuwa wajinga. Kwa hiyo kama wiki tano kabla ya mashindano utaweza kwenda kilomita 16 zenye mteremko mrefu ndani ya zile nene bila mashavu kukaza wala vifundo kucheza, badili mawazo, vaa hizo. Kama yatakaza hata kidogo, Pegasus. Usiamue kwa kilomita tatu, na usiamue asubuhi ya mbio.

Swali la saizi hukuliuliza, ila nakujibu kwa sababu ya kucha zako. Mguu huvimba ukikimbia. Jaribu raba jioni, ukiwa na soksi utakazokimbilia, na kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu pabaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kidole kirefu, nimesema, kwa sababu kwa baadhi ya watu si kile kikubwa. Wengi wetu tuliokua peku tuna mguu mpana mbele. Ukiona kitambaa kimetuna pembeni ya kidole kidogo, panda nusu saizi au, kama unavaa za kike, hamia za kiume, usijibane kwa ajili ya rangi.

Na kule juu, kabla hujaanza kushuka, simama sekunde kumi pembeni. Pale juu kabisa ya raba kuna tundu la ziada ambalo watu hawalitumii. Pitisha kamba humo kwa upande uleule ili ifanye kitanzi kidogo, pitisha kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi hicho, uvute kuelekea chini, ndipo ufunge. Bora ufanye hivyo tangu nyumbani, kule juu uwe unakaza tu. Kisigino kitakaa nyuma, vidole havitagonga mbele, na jioni utavaa ndala ukiwa na kucha zako zote kumi.